Ushuhuda Niliotoa Mapema

Kanisani kwetu, mtu akisimama kutoa ushuhuda, maneno yake hayarudi nyumbani na yeye peke yake. Kila mama aliyekuwa hapo anaondoka na kipande. Ukisema mguu unakusumbua, siku ya soko utaulizwa na watu hata huwajui vizuri, "Na ule mguu?" Ukisema unamwamini Mungu kwa kitu fulani, hicho kitu kinakuwa cha kanisa nzima. Kinaombewa kwa ushirika wa Alhamisi, watu wanafunga chakula kwa ajili yake, na siku kikipatikana wanashangilia kama ni wao wamepata. Ni jambo zuri. Nimelelewa nalo na bado naliamini. Lakini linaweza pia kukufunga miguu, na si kwa ubaya wa mtu yeyote.

Siku niliposimama ilikuwa Jumapili ya mvua, mabati yanapiga kelele mpaka nikalazimika kupaza sauti.

"Bwana asifiwe. Nimeokoka, Yesu ni Mwokozi wangu. Mnajua nimekuwa nikisoma ngumbaru jioni, mtu mzima na kalamu. Sasa nimemaliza na nimepita. Naamini Mungu atanitoa jikoni anipe kazi ya matroni kwa shule ya bweni. Naomba mnisimamie."

Wakasema amina. Wengine wakapiga makofi. Nikakaa chini nikiwa mwepesi, kama mtu ametua mzigo wa kuni.

Haikuwa uongo. Nilikuwa mpishi kwa shule ya kutwa hapo Nyeri, kazi ya gumboti na moshi na mwiko mrefu kama jembe, na nilikuwa nimewahi kuona matroni wa shule moja akitembea na funguo kiunoni, wasichana wanampisha njia. Nikaona huyo ndiye mwanamke ambaye mtu kama mimi anaweza kuwa. Niliacha shule darasa la sita kule Giakanja. Hakuna aliyenifukuza. Siku moja ya kuchuma kahawa nilibaki nyumbani na kikapu kiunoni, kesho yake nikabaki tena, na ikawa basi. Nikaolewa, nikazaa msichana na kijana, nikasomesha. Msichana alipoingia chuo ndipo nikajiambia sasa ni zamu yangu.

Darasa letu la jioni lilikuwa mtaa wa Majengo, kwa chumba cha nasari. Viti vilikuwa vya watoto. Watu wazima na makoti yao, magoti yamefika kidevuni, ukutani kuna picha ya sungura na herufi za rangi. Ticha wetu alikuwa mwalimu mzee aliyestaafu, mwembamba, havui kofia hata akiomba. Jioni moja alifuta ubao akasema, "Leo hakuna hesabu. Leo kila mtu ataniambia anathamini nini kwa kazi yake na kwa maisha yake."

Tukaanza kwa zamu. Makanga wa matatu akasema Mungu, familia na bidii. Mama wa mboga akasema Mungu, familia na bidii. Mimi nikasema Mungu, familia na bidii, tena nikaongeza uaminifu, nikaona nimewapita.

Ikafika kwa mama wa mahamri. Huyu alikuwa mjane wa Kiislamu, amezaliwa hapo Majengo nyuma ya msikiti, ana kibanda chake karibu na kona. Alikuwa ametupita miaka na alikuwa amekuja darasani akiwa hajui hata A.

"Mimi," akasema, "nathamini mafuta yasiungue."

Tulicheka mpaka kiti cha makanga kikavunjika. Ticha hakucheka.

"Huyu amejibu," akasema. "Nyinyi wengine mmeniimbia. Hayo yenu ni maneno ya kuandikwa kwa ukuta wa ofisi. Mimi nauliza, ni kitu gani ukinyang'anywa utakasirika mpaka chakula kikatae kushuka?"

Mimi niliangalia kitabu yangu. Kwa mtu kama mimi hilo swali lilikuwa na harufu ya kiburi. Tumefundishwa kusema "si mimi, ni Bwana", na nimelisema sana mpaka nilipoulizwa "wewe je?" nikakuta hapo ndani hakuna mtu amezoea kuitika. Nikangoja kengele ya kwenda nyumbani.

*

Mama wa mahamri alikuja kusoma kwa sababu ya simu. Msichana wake alikuwa Saudi, anafanya kazi ya nyumba, na haruhusiwi kuongea kwa simu. Alikuwa akiandika meseji akiwa amejifungia bafuni, kwa sababu hapo tu ndipo anaachwa peke yake. Meseji inaingia kwa kile kisimu kidogo cha vifungo cha mama yake, na mama yake hajui kusoma. Basi anamtafuta yeyote aliye karibu.

"Unajua ni nini inaniuma?" aliniambia mara ya kwanza tulipokaa pamoja. Halafu akajirekebisha, "Unajua ni nini kinachoniuma? Mmeniambukiza Kiswahili chenu cha mlimani. Kila neno la mwanangu linanifikia likiwa limeshalambwa na mtu mwingine. Nataka siku moja nilipate likiwa bado na moto."

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshafanya mtihani, nangoja matokeo, lakini bado nakuja darasani kwa mazoea. Ticha akaniambia, "Badala ya kukaa bure, kaa na huyu mama." Ndivyo ilianza.

Mwanzoni nilimfundisha vile nilifundishwa, a, e, i, o, u, na haikuingia. Alikuwa anachoka, anasema macho yake yamezoea karai tu. Siku moja nikaenda kwa kibanda nikaona vile anachukua vitu bila kuangalia. Pakiti ya unga, ya sukari, chumvi, hamira. Kila siku mikono yake inashika maneno. Nikamwomba asitupe pakiti. Tukazikata, tukazipanga kwa meza ya nasari, na akaanza kusoma vitu ambavyo tayari alikuwa anavijua. "Unga" alilipata haraka. "Chumvi" ilimsumbua, akasema herufi zote hizo ni za nini na chumvi yenyewe ni ndogo hivyo.

Alikuwa anatuchekelea sana. Mimi nikisema "kitabu yangu", anashika kichwa. "Kitabu kimekukosea nini, mwanangu, mpaka ukinyime hata 'changu'?" Na nikiita mahamri yake mandazi alikuwa ananinyima. "Mandazi ni ya kwenu huko mashambani. Haya yana iliki. Taja vizuri ndiyo ule."

Halafu tukahamia kwa simu. Meseji zote za msichana wake zilianza na neno "Mama". Hilo ndilo neno lake la kwanza kusoma kwa simu. Alilitafuta kwa kila meseji kama mtu anatafuta mtoto wake kwa paredi ya shule, akilipata anaweka kidole. Siku aliposoma "Mama nimekula wali", bila mimi kusaidia, alisimama na kile kiti kikabaki kimemshika nyuma. "Amekula wali!" akapiga kelele. "Nimesikia kutoka kwake mwenyewe! Amekula wali!" Darasa lote likapiga makofi. Ticha akageuka kwa ubao, akakaa amegeuka.

Nilifika nyumbani jioni hiyo nikasahau hata kupakua chakula. Mzee wangu, baba ya watoto wangu, alikuwa amekaa anangoja.

"Leo umelipwa?" akaniuliza.

"Nilipwe na nani?"

"Mbona basi unacheka peke yako kama mtu ameokota kitu kwa barabara?"

Nikamwambia habari ya wali. Akasikiza mpaka mwisho. Akasema, "Miaka yote umepikia watoto wa watu wali, sijawahi kuona ukifurahia wali hivi." Tukacheka. Hapo ndipo ningejua. Jibu la swali la ticha lilikuwa limekaa na mimi mezani na nikalipita nikaenda kuosha vyombo.

Meseji ambazo alikuwa bado hawezi, nilimsomea mimi. Tulikuwa na mahali petu, nyuma ya kibanda, kwa kreti za soda, na nilimsomea kwa sikio. Msichana alikuwa anaandika mambo mazito. Kwamba mama mwenye nyumba anafunga friji na kufuli. Kwamba amelia na akafungulia maji ya bafu wasisikie. Mwisho wa kila meseji alikuwa anaandika, "Usiambie mtu mama." Na mimi sikuambia mtu. Hata kwa maombi sikuitaja, na kwetu maombi ndiyo njia habari inapita haraka kuliko zote. Kuna Alhamisi nilifunga mdomo kwa nguvu mpaka mama mmoja akaniuliza kama jino linauma.

*

Basi jibu la maombi likaja. Shule ya wasichana upande wa Nanyuki, ya bweni, iliniita kwa intavyu. Walikuwa watu watatu nyuma ya meza na chupa za maji. Mmoja, mama wa miwani, akauliza vizuri sana, "Wewe kama mtu, unathamini nini katika kazi na maisha?"

Nikasema Mungu, familia na bidii. Wakatazamana, wakatabasamu, wakaandika.

Wiki hiyo hiyo ticha aliniita nje ya darasa. Macho yake yalikuwa yameisha nguvu, na kijana wake alikuwa anamhamisha Embu akae naye.

"Darasa nakuachia wewe," akasema. "Watu wa kisomo nimeshawaambia, wanakujua. Malipo ni madogo, nisikudanganye. Lakini nimefundisha watoto na watu wazima maisha yangu yote, na najua mtu wa hii kazi nikimwona."

"Ticha, mimi juzi tu ndio nilikuwa mwanafunzi."

"Ndio maana."

Nilitembea kutoka Majengo mpaka stendi bila kuona njia. Nilitaka lile darasa. Nililitaka sana mpaka nikaogopa. Matroni wa Nanyuki analala shuleni, hauwezi kufanya zote mbili. Na kanisa nzima ilikuwa imefunga kwa ajili ya Nanyuki.

Nikaenda kwa mwenyekiti wetu wa akina mama. Yeye huuza vitunguu huko sokoni Chaka, na ni mtu mzuri, nisije nikamsema vibaya. Alikaa na mimi siku mtoto wangu alilazwa, akanipikia, akaniombea. Nilimkuta amezungukwa na magunia, anapimia wateja.

"Mama, nimekuja na neno," nikasema. "Nimepata ile kazi."

Alitupa mikono juu, kitunguu kikaruka. "Bwana asifiwe! Si nilisema? Si nilisema, nyinyi?" Akawaambia hata wateja. "Huyu tumemwombea!"

"Lakini nimeitwa na kazi ingine pia. Kufundisha darasa la ngumbaru. Na naona kama... naona kama roho yangu iko huko."

Akaniangalia. "Darasa gani sasa? Sisi tulifunga kwa ajili ya matroni, hatukufunga kwa ajili ya darasa. Kuna wagonjwa walifunga na wewe. Unataka nirudi niwaambie ati asante kwa njaa, amebadilisha?"

"Siyo kubadilisha, mama..."

"Mungu si weita, umrudishie sahani umwambie hukuagiza hii."

Wateja wakacheka. Mimi pia nikacheka, kwa sababu ilikuwa na mzaha na kwa sababu ilikuwa kweli. Niliagiza. Kila mtu alisikia nikiagiza. Akanifungia vitunguu vya bure kwa karatasi, akanikumbatia, na nikarudi Nyeri na harufu ya vitunguu kwa sweta.

Mzee wangu alisema, "Mimi niko sawa na yoyote. Nilioa msichana wa kahawa, sasa nikiambiwa nimeoa matroni ama nimeoa ticha, kwangu ni wewe tu." Halafu akaniuliza, "Lakini ukikataa, Jumapili utasimama useme nini?"

Nilijaribu kulipanga jibu kwa kichwa. Ningesema, niliomba kitu, halafu nikajua ninachotaka ni kingine. Kwa midomo ya watu wengine hilo neno ni rahisi. Kwangu lilikuwa kama kuomba msamaha kwa kosa ambalo sina jina lake. Jumapili nikasimama, nikashukuru Mungu kwa kazi ya matroni, na akina mama wakaimba na kucheza mpaka mbele.

Simlaumu Mungu hata kidogo. Mungu alijibu nililosema. Lile lingine sikulisema.

*

Nilienda kumuaga mama wa mahamri. Alikuwa anaweza meseji fupi tayari. Ndefu zilikuwa bado zinamshinda, maneno yakishikana anapotea katikati, na vile msichana alikuwa anaandika haraka bila nafasi, hata mimi wakati mwingine nilikwama.

"Nikikataa hii kazi tutamaliza," nikamwambia.

"Wacha upuzi. Uikatae kwa sababu ya mwanamke mzee na pakiti za chumvi? Nenda mwanangu. Nenda ukaitwe madam."

"Na nani atakusomea?"

"Yuko jirani wa saluni. Anasoma vizuri, amefika fomu foo." Akanipa mahamri kwa mfuko, moto bado. "Na ukiulizwa huko Nanyuki ni nini hizi, usiniaibishe."

Nanyuki nilifanya kazi vizuri. Nasema hivyo bila kujisifu. Asubuhi baridi ya mlima inakuja chini ya mlango kama maji, na wasichana wa fomu wani wanalia wakitaka kwao, na mimi najua kukaa na mtoto analia. Nimewapeleka hospitali, nimewafunga nywele, nimewaombea. Siidharau hiyo kazi, ni kazi ya Mungu pia. Lakini nikizima taa za bweni nilikuwa nakuta mikono yangu inatafuta kitu, na nilikuwa nakata pakiti za sabuni na kuzipanga kwa dirisha bila sababu.

Darasa la Majengo lilifungwa. Hakuna mwingine aliyekubali yale malipo. Makanga akaacha, mama wa mboga akaacha, wenye nasari wakaweka magodoro hapo ndani.

Likizo ya Agosti nikarudi Nyeri, na siku ya kwanza nikaenda kwa kile kibanda. Mama wa mahamri alikuwa anasukuma unga. Alifurahi kuniona, akanivuta kwa shingo na mikono yake yote ya unga. Lakini nilipouliza habari za msichana, akageuka kwa karai.

"Yuko sawa," akasema. "Anasema yuko sawa."

"Si hiyo ni habari njema?"

"Kaa chini."

Akanieleza. Meseji ilikuja mchana, ndefu. Alijaribu mwenyewe, akapata "Mama", akapata "usiku", akapata "mlango", halafu ikamshinda, na yale maneno machache yakamtia hofu. Akakimbia saluni. Jirani alikuwa na wateja, mashine za kukausha nywele zinapiga kelele, na ili asikike akasoma kwa sauti ya juu. Akasoma yote mpaka mwisho kabla ajue anasoma nini. Kwamba wanampiga. Kwamba mlango wa chumba chake hauna kufuli, na kuna mtu wa hiyo nyumba anakuja usiku kusimama hapo. Na mwisho, "Usiambie mtu mama."

"Hata hilo alilisoma kwa sauti," akasema. "Akiwa ameshika kitana."

Wale wanawake walipiga nduru. Walikuwa na roho nzuri. Mmoja akapiga simu hapo hapo kwa binamu yake aliye Saudi, aulize vile mtu anasaidiwa. Binamu akauliza wenzake. Jua halijazama, msichana alikuwa amefikiwa na habari yake mwenyewe kutoka kwa watu hajawahi kuwaona. Msikitini waliomba. Kanisani kwetu pia, nikajua baadaye, waliomba. Watu wakaja kwa kibanda kumpa pole, wananunua mahamri na kumwangalia.

"Tangu siku hiyo ananiandikia kitu kimoja," akasema. "'Niko sawa mama. Wasalimie wote.' Kila wiki. Mwanangu ananiandikia mimi kama anawaandikia wao. Mimi sijui kama ule mlango umewekwa kufuli. Sijui kama analala. Sijui kitu."

Nikasema, "Mama, ningekuwa hapa..."

"Ulikuwa kazini."

Hakusema kwa kunichoma. Alisema vile mtu anasema mvua ilinyesha. Ingekuwa afadhali angenichoma.

Ticha alikuwa ametuuliza kitu gani ukinyang'anywa chakula kitakataa kushuka. Jioni hiyo mzee wangu alinipakulia, nikaangalia sahani mpaka ikapoa.

*

Nilimwambia nitakuwa nakuja Jumamosi zangu za ofu, za kupumzika kazi. Ni moja ndani ya wiki mbili.

"Uje kufanya nini? Kunisomesha 'niko sawa'? Hiyo nimeikariri, naweza kuisoma na macho yamefungwa."

"Nije ujue kusoma zingine. Akiandika zingine."

Alimaliza kukata unga vipande. Halafu akasukuma kreti na mguu, nikakaa.

Hizo Jumamosi tulifanya kazi kama watu wanachimba kisima. Hatukuwa na mchezo wa zamani. Alishika maneno marefu akayavunja, akayarudia mpaka mdomo ukauka. Meseji za zamani za msichana wake, zile nilikuwa nimemsomea kwa sikio, alizisoma sasa mwenyewe moja moja, na kuna moja alinirudishia uso umebadilika. "Hapa kuna kitu ulikuwa hujaniambia," akasema. Ilikuwa kweli. Mahali msichana aliandika vile alipigwa mara ya kwanza, mimi nilikuwa nimelainisha. Nilidhani namhurumia.

"Basi na wewe pia ulikuwa unalamba kidogo," akasema. Nikainamisha kichwa. Akanipiga bega kidogo na kile kijiti cha kusukumia unga, tukaendelea.

Alipoweza zote, akasema sasa anataka kuandika. Sikumgusa. Vifungo vya kile kisimu ni vidogo na vidole vyake ni vya kazi. Aliandika, akafuta, akaandika tena, wateja wakija anawaambia wajihudumie. Mwishowe akanionyesha. "Mwanangu. Nimejua kusoma. Nasoma mimi peke yangu. Niambie." Akatuma. Halafu akasimama katikati ya kibanda hajui aweke mikono wapi.

Jibu halikuja siku hiyo. Lilikuja Jumamosi yangu iliyofuata, niko hapo, mahamri yako kwa mafuta. Simu ikalia kwa rafu. Alipangusa mikono kwa leso, kidole kwa kidole. Nikanyoosha mkono kwa mazoea, akaniangalia, nikaurudisha.

Alisoma kwa kunong'ona, midomo inafuata kila herufi. "Ni-ko sa-wa ma-ma. Wa-sa-li-mi-e wo-te."

Akateremsha kidole chini aone kama kuna kitu kingine. Akapanda juu tena. Akateremsha.

"Ndiyo yote?" akaniuliza.

"Ndiyo yote, mama."

"Nimesoma vizuri?"

"Umesoma vizuri kabisa."

"Haamini ni mimi," akasema. "Anafikiri nimekaa na mtu."

Na kweli alikuwa amekaa na mtu. Nilikuwa hapo kwa kreti na koti langu la matroni. Mahamri yalikuwa yanaanza kuwa meusi upande mmoja, akayageuza, akayatoa, akazima moto. Akavuta simu tena.

"Nitamwandikia kitu ambacho mimi na yeye tu tunajua. Cha akiwa mdogo. Kaa, unitazamie nisikosee."

Niliangalia saa. Wasichana walikuwa wamerudi kutoka michezoni na mwenzangu wa zamu alikuwa anangoja kunipa funguo. Nikamwambia lazima nitoke ndiyo nifike Nanyuki kabla ya bweni kufungwa.

"Jumamosi tutaandika," nikasema.

"Jumamosi gani?" akauliza, macho yakiwa kwa simu. "Hii inayokuja ama ile ingine?"

"Ile ingine."

Akatikisa kichwa ndiyo, akaanza kubonyeza herufi ya kwanza peke yake.